Shati Lisilofuliwa

Kama gazeti la Ijumaa iliyopita lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi, maana leo nina mengi na pumzi ni kidogo.

Mimi ni Busriyah, mjane, mkwangua chumvi wa hapa kisiwani Madura. Mume wangu Misnadin aliuawa kwa mundu juu ya tuta la shamba letu la chumvi, wakati mwanetu Holil anajifunza kutembea. Aliyemuua ni Satrawi, jirani yetu wa shamba la pili. Alifungwa, akatoka, akaona haya kurudi kijijini, akaenda zake kisiwa cha Kalimantan kupasua mawe.

Chanzo mnakijua. Alfajiri moja lango la maji la shamba letu lilikutwa wazi, na maji ya bahari yamemwagika juu ya chumvi iliyokuwa tayari kukwanguliwa. Jasho la msimu mzima likayeyuka. Misnadin aliamini ni Satrawi, akamfuata, akamzaba kofi mbele ya watu. Kwetu kofi la mbele za watu mtu haliweki mfukoni akaenda nalo nyumbani. Siku hiyohiyo Satrawi alirudi na mundu.

Sasa Bibi Sahama, mama yake Satrawi, zamu yake ya Hija imefika, baada ya kungoja mpaka meno yamemwisha. Na kwetu mtu hapandi ndege ya Makka kabla ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Alipokuja kwangu mara ya kwanza nilijifanya nimelala. Mara ya pili nikasema mbuzi wangu anaumwa. Mara ya tatu nikamfungia mlango puani, na hapo ndipo mimi nanyi tulipoachana: yeye nje ananiita, mimi ndani nimeuegemea mlango kwa mgongo.

Nimepata ujumbe wenu. Msomaji mmoja wa mjini Surabaya kaniandikia kwamba mimi ni shujaa. Mwingine, mwanamke, kaniandikia neno moja tu: Ogopa. Nimewasikia wote. Subirini kwanza mjue nilichofanya, ndipo mnisifu.

Siku ya pili yake Kiai Muhdar, mwalimu wetu wa msikitini, alikuja shambani kwa pikipiki, kikoi kakikunja hadi magotini. Mimi nilikuwa navuta reki juu ya chumvi, sikusimama.

"Mama Holil, chumvi mwaka huu vipi?"

"Chumvi nzuri, Kiai. Sema ulichotumwa."

"Sikutumwa. Nimejituma." Akakaa juu ya tuta bila kukaribishwa. "Bibi Sahama analia."

"Amelia kwako?"

"Amelia kwangu, kwa mke wangu, mpaka kwa yule mwenye duka la simu. Anasema atafika Makka na mzigo mgongoni. Na kweli, Hija inafuta makosa ya mja na Mola wake. Ya mtu na mtu haifuti, mpaka mwenyewe atamke kwamba amesamehe."

"Basi aende nao. Ndege zinabeba mizigo."

Hakucheka. Aliokota punje ya chumvi, akaiweka ulimini kama mnunuzi.

"Busriyah, sitakudanganya. Dini haikukuambia huna haki. Jaza ya ubaya ni ubaya mfano wake, hiyo ipo. Lakini hapohapo Mwenyezi Mungu kasema, mwenye kusamehe na kusuluhisha, ujira wake uko kwake Mwenyewe. Hakutaja kiasi. Nimelifundisha jambo hilo tangu ndevu zangu nyeusi, na bado kila nikifika hapo sauti inanikwama."

"Kiai, wewe umezika nani?"

"Wazazi wangu. Kwa maradhi."

"Mimi nimezika mume aliyeshonwa shingo. Ukitaka kunihubiria, anzia hapo."

Nilitaka akasirike. Mtu akikasirika mnakuwa sawa. Yeye alitikisa kichwa tu, akainuka, akapangusa kikoi.

"Mimi siogopi ya Bibi Sahama, yeye kesha kula umri wake," akasema. "Naogopa ya Holil."

Pikipiki ilikataa kuwaka. Ikabidi niache reki nikamsukume, na hasira zangu zote, mpaka barabarani. Nikarudi natweta, najiuliza nani kati yetu kashinda.

Nanyi mnajua kwa nini alimtaja Holil. Kwetu aliyeuawa kwa mundu hazikwi makaburini na wenzake, huzikwa uani kwake. Nguo aliyofia haifuliwi. Huwekwa kabatini, na mtoto wa kiume akipata akili huonyeshwa, ajue damu anayotakiwa kuilipiza. Kaburi la Misnadin liko hatua chache kutoka kamba yangu ya kuanikia. Kila Jumatatu naanika pale mashuka, naanika suruali za Holil zenye grisi, maana mwanangu ni fundi pikipiki. Shati lile moja sijawahi kulianika. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliniapisha kabla hajakata roho kwamba nisilitie maji, na mimi niliapa kwa moyo mmoja.

Asubuhi ya karamu ya Bibi Sahama ya kuaga kwenda Hija, shemeji yangu Mattasan, mdogo wake marehemu, aliingia kwangu bila hodi. Mkononi ana kitu kirefu kilichofungwa gazetini. Nikajua ni nini kabla hajakiweka mezani. Holil alikuwa anakunywa kahawa.

"Satrawi karudi," akasema Mattasan. "Kaja kumuaga mama yake. Nimemwona kwa macho yangu anashusha viti vya karamu, kama mtu asiye na deni la roho."

"Nimesikia," nikasema. "Ondoa hicho kitu mezani, watu tunakula."

"Shemeji, hii si kazi yako. Kijana kesha kua."

"Kijana ni wangu. Kaa hapo unisikilize." Nikawaeleza nilichokuwa nimekipanga siku zile zote. "Leo alasiri Bibi Sahama atasimama mbele ya kijiji kizima kuomba radhi. Watu wataitikia wote, tumesamehe. Wakinyamaza, nitainuka mimi, niseme: mimi sijasamehe. Mbele ya Kiai, mbele ya mahaji wenzake, mbele ya huyo mwanawe. Apande ndege na hilo. Ataizunguka Kaaba na sauti yangu sikioni. Hicho ndicho kisasi changu, na hakuna mtu atakayefungwa."

Mattasan alinikodolea macho, kisha akacheka taratibu. "Ama wewe mwanamke una roho."

Na mimi, msinicheke, nilijisikia vizuri aliposema hivyo.

Holil aliweka kikombe. "Na mimi, mama?"

"Wewe unabaki nyumbani. Ulimi wangu unatosha."

"Ukishasema hujasamehe, watu wote wakasikia, mimi nitaonekana vipi nikipita barabarani?"

"Utaonekana mwanangu. Basi."

"Haya, mama," akasema. Alisema vizuri kabisa, kama mtu anayeambiwa akanunue sukari. Nikamwamini. Nilishughulika na kutafuta mtandio wangu mzuri, nikamwacha na baba yake mdogo na kile kitu mezani. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe nililiona kwa kuchelewa.

Alasiri nikaenda. Nilipoingia uani kwa Bibi Sahama, wanawake waliokuwa wanapakua supu ya maharage na kwato za ng'ombe waligeuka wote, miiko mikononi.

"Busriyah," mmoja akaninong'oneza, "umekuja kula au umekuja kulisha watu maneno?"

"Nimekuja kwa mwaliko kama wewe. Nipishe nikae."

Wakanipisha. Nikakaa karibu na nguzo ambapo wanaume chini ya turubai waliweza kuniona. Mbele kabisa, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa, alikaa Bibi Sahama na mavazi meupe. Chini, miguuni pake, alikaa Satrawi.

Nilikuwa sijamwona tangu mahakamani. Kichwani mwangu alibaki bado kijana mwenye misuli. Niliyemwona ni mzee kabla ya wakati, mgongo umepinda, mkono wa kushoto umepungua kidole. Roho yangu ilicheka. Nikasema, vizuri, mawe yamefanya kazi yake. Ndivyo nilivyosema, siwafichi.

Kiai alisoma dua, watu wakaitikia. Kisha akampa Bibi Sahama kipaza sauti, kikapiga mluzi mpaka watoto wakaziba masikio.

"Jirani zangu," akasema bibi, na sauti ilikuwa ndogo. "Mimi naenda. Sijui kama nitarudi. Nimekula vyenu, nimewasengenya, nimewakosea kwa kujua na kwa kutojua. Niacheni niende mwepesi. Mmenisamehe?"

"Tumesamehe," kijiji kizima kikaitikia.

"Mmenisamehe?"

"Tumesamehe."

Nikainuka.

Kiai alinitazama, midomo yake inacheza kwa dua. Satrawi aliinamisha kichwa akaangalia mkeka. Nikapeleka mkono, wakanipitishia kipaza sauti kutoka mtu hadi mtu. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni, nimeyafanyia mazoezi mbele ya mbuzi.

Hapo ndipo nilipomwona mwanangu.

Alisimama penye mlango wa turubai, kando ya lundo la viatu. Amevaa shati la baba yake. Doa la damu lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa, kutoka kolani hadi kifuani. Lilimkaa sawasawa, mabega kwa mabega, na mimi kwa nukta moja nilidhani ni Misnadin. Mkononi ana kile kitu kilichofungwa gazetini.

Hakumtazama Satrawi hata kidogo. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja.

Ndipo nilipoelewa alichoniuliza asubuhi. Nikisema sijasamehe, na kijiji kizima kimesikia, yeye hawezi tena kurudi nyumbani akalala. Mama kasema hadharani, mtoto kanyamaza? Watamtafuna mpaka kaburini. Nilikuja na ulimi nikidhani nimeacha mundu nyumbani, kumbe ulimi wangu ndio uliokuwa unampa ruhusa.

"Mimi," nikasema, na sauti yangu ilitoka kwenye spika zote mbili ikanitisha mwenyewe. "Mimi Busriyah, mke wa Misnadin."

Holil akahamisha lile gazeti kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia.

"Nimesamehe."

Uongo, wasomaji wangu. Uongo mtupu, nilioutamka mbele ya Mungu na watu. Sikumsamehe mtu. Nilimwokoa mwanangu tu, kama mtu anavyomvuta mtoto kutoka barabarani bila kuangalia gari ni la nani.

Lakini watu hawakujua. Walilia. Wanaume wazima walijifuta macho kwa kofia. Satrawi alianguka kifudifudi mkekani, mgongo unatikisika, na Kiai akawa anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kama aliyesahau maneno mengine.

Holil alikuja mpaka nilipo, kati ya watu, na watu wakamkwepa.

"Ndivyo, mama?"

"Ndivyo."

"Kweli?"

"Nimesema mbele ya watu, Holil. Unataka nini tena?"

Alinitazama sana. Ananijua, alikua mgongoni mwangu. Mwishowe akarudi nyuma, akaliweka lile gazeti chini kando ya viatu, akasimama mikono mitupu. Nikapumua.

"Haya, chakula," mtu akasema, na sahani zikaanza kulia.

"Msile kwanza." Alikuwa Bibi Sahama. Alikuwa ameinuka kitini, amenyoosha mkono kutaka kipaza sauti. "Busriyah, mwanangu, subiri. Umesamehe la Satrawi. Langu hujalijua."

"Bibi, yatosha," nikasema. Nilitaka kwenda nyumbani.

"Hayatoshi. Nikinyamaza leo nitanyamaza mpaka kaburini, na pale nitaulizwa." Akashika kile chombo kwa mikono miwili. "Lango lenu la maji nililifungua mimi."

Sikuelewa. Nadhani hakuna aliyeelewa.

"Malango yetu yalikuwa pamoja, kamba mbili, nguzo moja. Nilikwenda alfajiri kujaza shamba langu, nikavuta kamba nikidhani ni yangu. Nikaenda kuswali. Niliporudi nikaona maji yako juu ya chumvi yenu. Nikakimbia nyumbani. Nilisema, nitawaambia wakishapoa. Akaja Misnadin. Akampiga mwanangu kofi kwa kosa langu, na mimi nimesimama pale juu ya tuta na ndoo mkononi. Neno moja tu lilitakiwa. Nililimeza."



Satrawi aliinua uso kutoka mkekani, taratibu.

"Mama," akasema. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza. Nilirudi nyumbani shavu linawaka, nikakuuliza, mama, nani kafungua lile lango? Ukaniambia hujui."

"Niliona aibu, mwanangu."

"Aibu ya maji?"

Bibi akakishusha kile kipaza sauti.

"Ningekwenda kumwomba radhi," Satrawi akasema. "Ningelipa chumvi yake. Ningelibeba lile kofi, mama, kama ningejua kwamba ni letu."

Mimi nilikuwa nimekwisha kumfikia yule bibi. Sijui nilitaka kumfanya nini. Nilimkamata mikono, na nguvu zangu zote za kuvuta reki zilikuwa kwenye vidole vyangu, nikaona uso wake unakunjamana kwa maumivu na hakujivuta.

"Nibane," akasema. "Halafu useme. Lakini useme la kweli, Busriyah. Lile la mwanzo lilikuwa la mdomoni, nimekusikia."

Nikaitazama ile mikono. Imepasuka kwa chumvi kama yangu, mistari ileile, penye kidole gumba na penye kiganja. Zile kamba mbili nazijua. Na mimi nimewahi kuvuta isiyo yangu, alfajiri, macho yana usingizi, nikairudisha haraka nikaangalia huku na huku kama kuna aliyeniona. Hakuna mkwangua chumvi hapa ambaye hajawahi. Kosa la kamba lingeweza kuwa langu. Na ule unyamavu je? Mimi nami nimenyamazia shati kabatini mpaka mwanangu akalivaa.

Kila siku, mara zote tano, namwomba Mungu anisamehe. Nilikuwa nasema haraka haraka, nimalize. Pale, nimeshika mikono ya yule bibi, nilijiona mwombaji anayefunga mlango kwa ndani. Niliumia. Lile la mwanzo halikunigharimu kitu, lakini hili lilitoka kama mwiba unaotolewa, na magoti yangu yakagonga mkeka.

"Nimesamehe," nikasema, bila kipaza sauti, kwa hiyo pengine aliyesikia ni yeye tu. "La kwako. Na la mwanao. Na Mola anisamehe mimi."

Kisha nikageuka. "Holil, vua hilo shati."

"Mama?"

"Livue, niletee nikalifue."

Kijiji kizima kilimwona mwanangu anafungua vifungo kimoja kimoja. Alinipa shati, akabaki kifua wazi mbele ya wageni, machozi yanamtoka bila haya. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyokumbuka. Nikalikumbatia, nikawaza sabuni, nikawaza kamba yangu na upepo, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mjane nilitamani Jumatatu ifike.

Bibi Sahama ndiye aliyenishtua.

"Wewe umenisamehe," akasema. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama mkeka miguuni pake. "Yeye je?"

Mkeka ulikuwa mtupu.

"Satrawi," bibi akaita. "Satrawi!"

Nikatazama mlangoni kwenye viatu. Gazeti lilikuwepo, limefunguliwa, linapeperuka. Ndani yake hamna kitu.

"Kaelekea kwenye matuta," mwanamke mmoja akasema kutoka upande wa jikoni. "Nilidhani anakwenda kutawadha."

Sikuwahi kulitamka jina lile kwa sauti tangu mazishi. Nikajikuta niko nje ya turubai, peku, shati la mume wangu mkononi, nakimbia kuelekea shamba la chumvi namwita muuaji wake arudi, asijidhuru.

Holil akanipita. Alikuwa na mbio kama baba yake. Nilimwona akiruka mfereji, kifua wazi, mikono mitupu, anakwenda moja kwa moja kwa yule mtu aliyesimama juu ya tuta, penye zile kamba mbili, na mundu mkononi.

"Holil," nikaita. "Holil, simama."

Hakusimama. Yaliyofuata, Ijumaa ijayo.